Mshamba na Jirani: Habari ya Neno Moja la Kiingereza

Katika Kiingereza liko neno fupi, "boor", ambalo Waingereza humwita mtu asiye na adabu: mtu akatizaye maneno ya wenzake, alaye kwa pupa, asemaye kwa makelele mahali pa utulivu, asiyejali kama amemwudhi mtu au hakumwudhi. Hakuna apendaye kuitwa hivyo. Lakini ukiuliza neno hilo limetoka wapi, utapata jibu la kustaajabisha. Maana yake ya kwanza haikuwa mtu mbaya wala mtu mjinga. Maana yake ilikuwa mkulima tu.

Basi swali langu si la kamusi peke yake. Jina la kazi njema, kazi ambayo bila hiyo hakuna mfalme wala karani awezaye kula, limepataje kuwa tusi? Na sisi tulio na maneno ya namna hiyo katika lugha yetu, yatupasa kufanya nini? Tukianza na habari za Waingereza, tutajiona wenyewe vizuri zaidi, kwa maana kosa la mtu mwingine huonekana upesi kuliko la kwetu.

Neno "boor" liliingia katika Kiingereza katika miaka ya 1500, likitoka kwa majirani wa ng'ambo ya bahari, Waholanzi na Wajerumani wa kaskazini. Mholanzi humwita mkulima "boer", na Mjerumani humwita "Bauer". Maneno hayo ni ya ukoo mmoja, na shina lake ni neno la kale sana lenye maana ya kukaa mahali. Kwa hiyo hapo kwanza mtu huyo alikuwa mkaaji, si mtu wa kutangatanga: ana nyumba, ana shamba, anajulikana na watu wa karibu.

Waingereza wa kale nao walikuwa na neno lao la ukoo huo huo, "gebur". Yako maandiko ya Kiingereza cha kale, ya karibu miaka elfu iliyopita, yaelezayo haki na wajibu wa kila mtu aliyekaa katika nchi ya bwana fulani. Humo twasoma ya kuwa gebur alipewa ng'ombe dume 2 wa kulimia, ng'ombe jike 1, kondoo 6, na ekari 7 zilizokwisha kupandwa. Naye ilimpasa kumfanyia bwana wake kazi siku 2 katika kila juma, na siku 3 katika juma wakati wa mavuno. Tena alilipa kodi ya fedha, na shayiri, na kuku 2. Alipokufa, bwana wake alivishika vyote alivyoviacha. Mtu akiyasoma maandiko hayo hatapata neno hata moja la kumwonyesha gebur kuwa hana adabu. Ataona mtu aliyefungwa na kazi nyingi, aliyelisha nyumba yake na nyumba ya mwingine.

Tena neno hilo si la pekee. Liko neno "churl", ambalo leo maana yake ni mtu mkali asiye na hisani. Katika Kiingereza cha kale, "ceorl" alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, ingawa hakuwa wa ukoo wa wakubwa. Katika sheria za Wessex, akiuawa mtu wa cheo hicho dia yake ilikuwa shilingi 200, na dia ya mkubwa ilikuwa shilingi 1200. Ndiyo kusema, alikuwa mdogo mbele ya wakubwa, lakini alikuwa na haki yake na damu yake ilikuwa na bei. Wajerumani wanalo neno hilo hilo, "Kerl", na kwao ni mwanamume tu.

Na liko neno "villain". Mtu asomaye hadithi za Kiingereza hulikuta mara nyingi, maana ndilo jina la yule mwovu wa hadithi, mwizi au mwuaji. Asili yake ni Kilatini, "villa", yaani nyumba ya shamba pamoja na mashamba yake. Aliyefanya kazi katika villa aliitwa "villanus", mtu wa shamba. Mwaka wa 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza, na mabwana wasemao Kifaransa wakaitawala nchi. Mwaka wa 1085 William aliwaamuru watu wake waandike hesabu ya nchi yote, mashamba, wanyama na watu, na katika kitabu hicho watu walioandikwa villanus walikuwa kundi kubwa kuliko makundi mengine yote. Basi jina la watu wengi kuliko wote katika nchi ndilo lililogeuka kuwa jina la mhalifu.

Wala wenye jina hilo hawakukaa kimya siku zote. Mwaka wa 1381 serikali ya Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, ilikuwa ikitoza kodi ya kichwa, iliyokadiriwa shilingi 1 kwa kila mtu mzima. Wakulima wengi waliasi, hasa wale wa Kent na Essex, wakaenda London kudai kwamba utumwa wa shambani ukomeshwe. Kasisi mmoja, John Ball, aliwahubiri ya kwamba hapo mwanzo watu wote waliumbwa sawa. Waasi nao walitenda maovu, hata wakamwua Askofu Mkuu wa Canterbury. Mfalme aliwaahidi uhuru, kisha akaitangua ahadi yake, na John Ball akauawa mwaka huo huo. Lakini walioandika habari za uasi huo walikuwa karibu wote watu wa upande wa wakubwa. Mkulima hakuwa na kalamu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Yatazameni maneno ambayo Waingereza huyatumia kumsifu mtu mwenye adabu. Humwita "courteous", na neno hilo limetoka katika baraza ya mfalme. Humwita "civil", na neno hilo limetoka kwa raia wa mji. Humwita "urbane", na neno hilo ni la Kilatini, kwa maana ya mtu wa mjini. Sifa zimetoka mjini na katika nyumba ya mfalme. Matusi yametoka shambani. Mwalimu mmoja mwenye sifa, C. S. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka wa 1960 kiitwacho Studies in Words, alionyesha jinsi maneno ya cheo yanavyogeuka kuwa maneno ya tabia: jina la mtu mkubwa huwa jina la mtu mwema, na jina la mtu mdogo huwa jina la mtu mbaya. Sababu si ngumu kuijua. Mwenye kunena sana na mwenye kuandika ndiye atoaye majina, na kila mtu hujipa mwenyewe jina zuri.

Sasa tuyaache ya Waingereza, turudi kwetu. Neno "mshamba" lina maana gani? Kwa asili ni mtu wa shamba, kama vile mtu wa pwani ni mpwani. Lakini leo mtu akiambiwa "mshamba wewe!" hafikiri kwamba anasifiwa kwa mahindi yake. Ameambiwa ya kuwa ni mjinga, hajui kuvuka barabara, hajui kuvaa, hajui kusema. Neno letu limepita njia ile ile ya "boor", hatua kwa hatua, wala hakuna Mwingereza aliyetufundisha.

Kadhalika neno "mwungwana". Hapo kale lilikuwa jina la mtu huru, asiye mtumwa, mwenye ukoo wake mjini. Sasa ni jina la mtu mwenye tabia njema. Neno "mstaarabu" kwa asili ni mtu aliyejifanya kama Mwarabu, aliyefuata desturi za Waarabu. Sasa ni jina la kila mtu mwenye adabu na maarifa. Na neno "mshenzi" ndilo walilotumia watu wa pwani kwa watu wa bara, yaani kwa babu zetu wengi. Hawakuulizwa babu hao kama walikuwa na desturi zao za kuamkiana, za kumkaribisha mgeni, za kumheshimu mkwe. Walipewa jina, likawakaa.

Walakini liko jambo jingine lipasalo kuelezwa, nalo limeletwa Afrika na neno lile lile la Kiholanzi. Mwaka wa 1652 Waholanzi walifanya makao katika Rasi ya Tumaini Jema, na baadhi yao wakawa wakulima na wafugaji. Wakajiita kwa kazi yao, Boer, nao hawakuona aibu kwa jina hilo. Walipigana vita na Waingereza, vita iliyoanza mwaka wa 1899 ikaisha mwaka wa 1902, na baada ya hiyo wengine walifika hata Arusha na nchi ya Uasin Gishu, wakalima huko. Sisi tuliliweka jina lao katika ngeli zetu, tukawaita Makaburu. Baadaye, tangu mwaka wa 1948, serikali ya Afrika ya Kusini iliweka sheria za kuwatenga watu kwa rangi zao, na sheria hizo hazikwisha kabisa mpaka miaka ya 1990. Kwa sababu hiyo, katika masikio ya watu wetu, "kaburu" likawa jina la mdhalimu mwenye ubaguzi.

Basi tazameni: neno moja, mkulima, limeharibika mara mbili, lakini kwa njia mbili zisizofanana. Huko Uingereza liliharibika kwa dharau ya wasemaji. Wakulima hawakufanya neno; walilima tu, na waliokula jasho lao wakawacheka. Huku Afrika liliharibika kwa matendo ya watawala waliolichukua jina hilo. Katika njia ya kwanza aibu ni ya yule anenaye. Katika njia ya pili aibu ni ya yule atendaye, wala hata hapo si haki kumhesabia mtu mmoja matendo ya kabila zima, kwa maana walikuwako watu wa kabila hilo waliozikataa sheria zile wakapata taabu kwa ajili yake.

Kwa hiyo kila tusikiapo jina baya, yatupasa kuuliza swali moja kabla ya kulichukua kinywani: Je, jina hili limekuwa baya kwa sababu ya jambo alilolitenda mwenye jina, au kwa sababu ya kiburi cha aliyempa? Nikiwaulizeni neno "mshamba" ni la fungu gani, hamtachelewa kujibu.

Labda mtu atasema, "Mwalimu, je, hakuna watu wasio na adabu? Nao wasiitwe kwa jina lo lote?" Nasema wapo, tena wapo kila mahali. Yuko kijana apitaye mbele ya wazee bila kuwaamkia. Yuko karani amwachaye bibi kizee asimame dirishani hata jua limgeukie, naye ana kiti na kivuli. Yuko mwanakijiji asengenyaye, na alewaye, na ampigaye mkewe. Hawa wote wana makosa, na makosa yana majina yake: utovu wa adabu, kiburi, masengenyo, ulevi, ukatili. Tuliite tendo kwa jina la tendo. Lakini tukilichukua jina la mahali alikozaliwa mtu, au la kazi ya baba yake, tukaliweka juu ya kosa, tumemwonea kila mtu wa mahali pale asiyelitenda kosa lile. Tena tumemfunika karani yule wa dirishani, kwa maana yeye ni mtu wa mjini, wala hakuna jina la mjini limpasalo. Wazee husema, "Uungwana ni vitendo." Na ukosefu wa uungwana nao ni vitendo, si jembe, wala si matope ya miguuni.

Mwingine atasema, "Maneno hubadilika. Mwingereza wa leo asemapo 'boor' hamfikirii mkulima hata kidogo. Yana madhara gani?" Kwa habari ya neno la Kiingereza nakubali, jeraha hilo limekwisha pona, na kovu tu limebaki. Lakini "mshamba" halijawa kovu. Shamba lipo, mkulima yupo, na mtoto wake amesimama anasikia. Mtoto asikiaye kila siku ya kuwa mtu wa shamba ndiye mtu wa kuchekwa, atafanya nini atakapokuwa mkubwa? Atalificha kwao. Baba yake akija kumtazama mjini na kikapu cha viazi, atamwambia wenziwe kwamba ni mtu wa kijijini tu aliyeleta mzigo. Neno hilo dogo limemnyang'anya mzee mwanawe.

Na hapa nasema na walimu wenzangu. Ziko shule ambazo mtoto akichelewa au akipiga kelele huambiwa, "Chukua jembe, ukalime kiwanja kile." Kazi si mbaya, na mtoto hana budi kuonywa. Lakini tufikiri: tumemfundisha nini? Tumemfundisha ya kuwa kusoma ni heshima, na kulima ni adhabu ya wakosaji. Kisha tunashangaa kwa nini vijana waliomaliza masomo hawataki kulishika jembe. Wamelishika somo letu vizuri kabisa. Jembe na lipewe watoto wote, wema na wakosaji, na mwalimu awe mbele yao na jembe lake. Hapo litaacha kuwa fimbo.

Tena nasema na sisi sote tuitwao wasomaji. Twaumia tukiitwa washamba na watu wa mjini, lakini mara nyingi sisi wenyewe twamwita jirani asiyejua kusoma, au asiyebatizwa, "mshenzi". Twapokea dharau kwa mkono wa kulia, twaipitisha kwa mkono wa kushoto kwa aliye chini yetu. Je, tumesahau habari za Bwana wetu? Alikulia Nazareti, mji mdogo ambao Nathanaeli hakutazamia jambo jema kutoka kwake. Petro katika ua wa Kuhani Mkuu alijulikana kwa matamshi yake, kwa kuwa watu wa Galilaya walikuwa na usemi wao, kama vile watu wa mjini leo wanavyomtambua mtu wa bara kwa r na l zake. Wakubwa wa Yerusalemu walimwona Petro na Yohana kuwa watu wasio na elimu. Na Bwana alipotafuta mfano wa Baba yake wa mbinguni katika habari ya mzabibu, hakuchagua mfalme wala karani, alimwita mkulima. Mtu alifanyaye neno hilo kuwa tusi, na afikiri ni nani aliyekubali kuitwa kwa hilo.

Limebaki jambo moja katika habari ya neno letu. Nilisema kwamba Waingereza wa kale walikuwa na neno "gebur". Lenyewe limekwisha potea. Mwingereza wa leo halijui. Lakini limebaki limefichwa ndani ya neno jingine ambalo hulisema kila siku. Watu wa kale walichukua neno la "karibu" wakaliunganisha na "gebur", yaani mkulima akaaye karibu, na kutoka hapo likapatikana neno "neighbour", ambalo maana yake ni jirani. Wajerumani nao wana "Nachbar", lililoundwa vivyo hivyo. Basi neno la tusi na neno la jirani ni ndugu wa ukoo mmoja. Yule Mwingereza amwitaye mwenziwe "boor", kisha aenda kanisani akasikia amri ya kumpenda "neighbour", amelitaja shina lile lile mara mbili, mara kwa dharau na mara kwa amri ya Mungu, wala hakujua.

Mwanasheria mmoja alimwuliza Bwana Yesu jirani yake ni nani, naye akajibiwa kwa habari za Msamaria, mtu wa kabila lililodharauliwa. Swali hilo halijaisha. Twaulizwa kila tupitapo njiani tukamkuta mtu wa chini yetu kwa mavazi, au kwa usemi, au kwa elimu. Tunaweza kumpa jina la kumweka mbali, au jina la kumweka karibu. Ndugu zangu, tuwaonye watoto wetu wasilitumie neno "mshamba" kuwa tusi, wala "mshenzi" kwa mtu ye yote. Na sisi tuanze katika nyumba zetu na katika vyumba vya shule, kwa kuwa huko ndiko watoto wajifunzako maneno. Kesho asubuhi ukimkuta mzee anatoka shambani, jembe begani, umwamkie kwa heshima na kumpisha njia. Yeye ndiye jirani uliyeamriwa kumpenda.